Mbwa wa Mlinzi Alikufa Lini

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimejitia kitanzi mwenyewe, tena nikicheka. Mratibu wetu, mtu ambaye sijawahi kumwona zaidi ya kapicha kake kalikomkata nusu kipaji, ameleta jambo jipya kwenye jukwaa la wasomaji. Sisi ni watu wa kujitolea. Tunasoma vitabu kwa sauti, tunajirekodi kwa simu, tunavipandisha mtandaoni ili wasioona wavisikilize bila kumwomba mtu. Msimu uliopita tulisoma kwa kujisikia: mmoja sura moja, mwingine ahadi tupu. Sasa Mratibu anataka kila mtu atangaze mbele ya wenzake atasoma kurasa ngapi mpaka mvua za msimu huu ziishe, mwisho wa Mei. Kando ya jina lako unawekewa mstari mtupu, na kadiri unavyosoma ndivyo unavyojaa kijani. Juu kabisa kuna mstari mkubwa wa jukwaa zima, ambao ni kurasa elfu tano.

Watu wakaandika mia, mia na hamsini. Anayejiita Bibi Nukta akaandika, "Kitabu kimoja." Mimi, ambaye huko naitwa Pazia kwa kuwa kazi yangu ni kushona mapazia, nikaandika mia nane. Vidole viliandika kabla kichwa hakijaulizwa. Ndani ya dakika chache nikamiminiwa pongezi, na hata sijafungua kitabu.

Nilimwambia Baba mezani. Aliacha kutafuna, akauliza kama nitaweza. Shangazi akasema nitaweza, kwani mdomo wangu haujawahi kupumzika tangu nizaliwe.

Jumatano, 4 Machi

Nimetengeneza studio. Nimetoa nguo zote kwenye kabati kubwa la Baba la enzi za useremala wake, nikalitundikia ndani vipande vya mapazia mazito vilivyobaki kazini, nikaingiza kigoda. Ukifunga mlango sauti inakuwa nene kama ya mtu wa redio. Joto lake ni la tanuri, lakini nimesoma kurasa kumi na nane.

Nimechagua riwaya nene, ya mlinzi wa daraja anayeishi peke yake na mbwa mzee. Baba aliwahi kuisoma ujanani, macho yakiwa mazima, na anasema amesahau yote ila harufu ya kile kitabu. Presha ya macho ilimchukulia nuru taratibu, miaka sita, na mimi nilianza kusoma kwa sauti kwa ajili yake, kila jioni baada ya chakula. Jukwaa lilifuata baadaye.

Jumapili, 8 Machi

Kurasa arobaini na moja kwa siku moja. Mstari umeanza kuota kijani kule chini. Nimeuangalia mara nyingi kuliko nilivyojiangalia kwenye kioo.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Bati linapigwa kama ngoma na kabati halifui dafu. Kurasa sifuri.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua.

Jumamosi, 14 Machi

Nisiwe mchoyo wa sifa: ile mistari inafanya kazi. Watu ambao walikuwa wanaonekana jukwaani mara moja kwa mwezi sasa wanapandisha sura kila siku. Mwalimu mmoja wa hesabu ambaye hakuwahi kumaliza kitabu amemaliza viwili. Hata mimi, kabla ya ile mia nane, nilikuwa nikitoka kazini na kumsomea Baba, naanguka kitandani na viatu. Sasa naingia kabatini. Kutaja namba mbele ya watu kumenipa miguu.

Ila leo jioni Baba aliketi kwenye kiti chake na mikono magotini, kama anavyoketi akisubiri nimsomee. Nikamwambia nina kurasa za kurekodi kabla mvua haijarudi. Nikamwambia sura zangu zipo tayari kwenye simu yake, asikilize, ni sauti ileile. Akasema, "Haya, mwanangu, ni sauti ileile." Akapapasa simu.

Jumanne, 17 Machi

Leo ni siku ya Baba. Kila Jumanne anakwenda kwenye chama cha wasioona kufundisha waliopoteza macho karibuni kutembea na fimbo nyeupe. Ana filimbi shingoni. Anawavusha barabara ya sokoni mmoja mmoja, wengine watu wazima wanaotetemeka kama watoto. Akirudi hula mara mbili. Shangazi humwambia afundishe na Jumatano basi, tuone kama chungu kitabaki.

Kurasa kumi.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua tangu Ijumaa. Mtu anayejiita Kiroboto amenipita. Kiroboto huyo huyo aliyeandika mia saba kwa kunifuata mimi. Nimehisi wivu hadi kwenye magego, nikajishangaa, maana tunawasomea vipofu bure, hatugombei kiti.

Alhamisi, 26 Machi

Nimegundua nikisoma haraka ukurasa unaisha nusu ya muda. Ugunduzi mkubwa huo. Nimesoma kurasa ishirini na tano kabla mawingu hayajafunga. Mlinzi wa daraja alikuwa akimwombea mama yake aliyekufa, na mimi nilikuwa namkimbiza kama mtangazaji wa mpira.

Jumanne, 31 Machi

Kila sura lazima isikilizwe na msomaji mwingine, kitabu mkononi, ndipo ipitishwe na kuhesabiwa. Wahakiki wamezidiwa na sura zinapanga foleni. Kiroboto ameniandikia pembeni: "Dada Pazia, tupitishiane. Mimi najua unasoma vizuri, wewe unajua nasoma vizuri. Tunapoteza muda wa nini?" Nikamjibu kwa kidole gumba. Sura zake tatu nimezipitisha nikiwa nachemsha chai.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua. Tajiri wangu dukani ana mapazia ya hoteli nzima ya kumaliza. Nimerudi vidole vimevimba. Mstari wa mia nane haujafika hata nusu.

Jumapili, 5 Aprili

Leo nimefanya kitu, na nitakiandika kama kilivyo kwa sababu hapa hakuna wa kunipongeza.

Mvua ilikatika kidogo saa za mchana. Nilikuwa sura ya tisa. Sura ya tisa ni ndefu, na katikati yake kuna kurasa saba ambazo mlinzi anatembea tu na mbwa wake kando ya mto, mbwa anachechemea, mvua inanyesha ndani ya kitabu kama inavyonyesha nje. Niliona mawingu kwa ufa wa mlango. Nikafunua, nikafunua tena, nikaendelea pale mlinzi anaporudi nyumbani. Sauti haikukatika hata kidogo. Ukisikiliza huwezi kujua.

Nikaandika kwamba nimesoma sura yote. Kiroboto akaipitisha baada ya dakika mbili, na sura yenyewe ni ya saa nzima. Kijani kikapanda.

Nimejiambia kwamba zilikuwa kurasa za kutembea tu.

Jumatano, 8 Aprili

Nimeruka tena, kumi na moja, mahali mlinzi anakumbuka ujana. Mara ya pili moyo haukudunda. Hilo ndilo lililonitisha, kisha nalo likapita.

Jumanne, 14 Aprili

Kurasa mia nne na ishirini. Mratibu ameweka jina langu juu na kaua kekundu. Shangazi amesema tangu nipate ua hilo sijaosha sahani.

Ijumaa, 17 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Tulikuwa tunakula. Baba ana kawaida ya kutusimulia alichosikiliza mchana. Leo aligeuzageuza kijiko, kisha akauliza, "Hivi yule mbwa wa mlinzi alikufa lini?"

Nikaacha kula. Nikasema, mbwa gani.

"Mbwa. Leo nimesikia mlinzi anapanda mti juu ya kaburi lake. Mimi kifo chake sikukisikia. Nimerudi nyuma nimetafuta, sijakiona."

Alikufa kwenye zile kurasa saba. Mimi mwenyewe sikujua. Nilizifunua bila kuzisoma, nikafika mbele nikasoma habari za kaburi kwa ile kasi yangu ya mpira wala sikujiuliza ni kaburi la nani. Shangazi alikuwa ananitazama, na nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno mawili tu. Nikasema, "Alikufa kule kwenye sura ya tisa, Baba. Utakuwa ulisinzia."

"Sikusinzia."

"Ulisinzia, Baba. Ipo. Nimeisoma mwenyewe."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei. Akasema basi itakuwa hivyo. Akamaliza chakula chake.

Baada ya hapo nimekwenda kabatini nikakaa gizani, sikurekodi chochote. Nilimjibu Baba kwa sauti ileile ya kusomea vitabu, nene na tulivu. Sikujua kwamba inaweza kudanganya vizuri hivyo.

Jumapili, 19 Aprili

Nilitaka kumwambia asubuhi, nikakuta anacheka na Shangazi. Nikaona nisimharibie. Nimesoma kurasa thelathini, zote, nukta kwa nukta, kama anayejikosha.

Jumatano, 22 Aprili

Baba ameuliza kuhusu jeraha la mkono wa mlinzi. Safari hii hakuniuliza mimi, alimuuliza Shangazi kama aliwahi kusikia akiwa pembeni. Shangazi akasema yeye akisikia riwaya anasikia usingizi. Mimi nilikuwa mlangoni na koti la mvua. Nikatoka.

Jeraha lipo kwenye zile kumi na moja.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua. Shangazi anasema kaka yake siku hizi anazungumza peke yake bafuni asubuhi, maji yakitiririka. Nikamwambia labda anaimba. Akasema yeye anamjua kaka yake tangu wakiwa na meno ya utoto, na hajawahi kuimba.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimeona jambo jingine. Baba anahesabu vitu. Anagusa vikombe rafuni, anarudi anagusa tena. Anapoweka fimbo yake mlangoni anasema kwa sauti, "Fimbo mlangoni." Zamani alikuwa akitembea humu ndani kana kwamba anaona. Nilikuwa nikimtania kwamba anatudanganya, macho anayo.

Jukwaa limefika kurasa elfu tatu na mia tano. Watu wanatumiana mioyo.

Jumanne, 28 Aprili

Baba hakwenda kufundisha. Alivaa, alikaa kitandani na viatu, filimbi shingoni, na gari la chama lilipopiga honi akamtuma Shangazi aseme anaumwa tumbo.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimemuuliza. Nilikaa chini karibu na kiti chake, na nia ya kusema ninayo mdomoni kabisa. Yeye akatangulia.

Akaniambia anadhani kichwa kinamwacha. Alisema anasikiliza hadithi kwa makini, ameketi wima, redio imezimwa, na bado vipande vizima vinapotea, wala havimjii hata akirudia. Babu yake alianza hivihivi, kusahau hadithi, akaishia kusahau mlango wa nyumba yake. Macho, alisema, ameshazoea kuishi bila hayo. Kichwa hajui ataishije bila hicho.

Nikamwambia haya ni mambo ya umri, Baba. Hivyo ndivyo nilivyosema. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa changu, na mimi nikasema ni mambo ya umri.

Kwa nini sikusema? Nimekaa na swali hili tangu jioni. Si kwa ajili ya kurasa, wala si kwa ajili ya kaua kekundu. Ningekubali mara moja niitwe mvivu. Lakini sasa nikisema niliruka, lazima niseme pia kwamba nilimtazama usoni nikamwambia alisinzia. Kosa la kwanza lingekwisha kwa kicheko. La pili sijui linaishaje.

Jumanne, 5 Mei

Leo amerudisha filimbi. Alimwomba dereva wa chama aingie ndani, akamkabidhi mkononi. Nimehadithiwa na Shangazi, mimi nilikuwa kazini nashona pindo. Alimwambia dereva, "Siwezi kumvusha mtu barabara na kichwa kinaruka. Siku moja nitamwacha katikati." Dereva alilia, anasema Shangazi. Baba hakulia.

Kichwa kinaruka, amesema. Kichwa chake.

Alhamisi, 7 Mei

Kurasa mia sita na tisini. Mlinzi wa daraja nilishammaliza, sasa nipo kitabu kingine. Sijui nazisoma kwa nini. Nadhani kwa kuwa kabatini ndiko mahali pekee humu ndani ambako Baba hayupo.

Jumatatu, 11 Mei

Tumekwenda kwa daktari. Kaka yangu alipiga simu kutoka anakoishi akasisitiza, na mimi ndiye niliyemshika Baba mkono ngazini. Mvua ilikuwa inanyesha, suruali yake ililowa hadi magotini.

Daktari ni msichana mpole. Alimtajia maneno matano ayashike, akamhoji mambo mengine, kisha akamrudisha kwenye maneno. Baba alitaja matatu. Yale mawili alikuwa akiyatafuta huku anabana kitako cha kiti kwa vidole vyote. Nilimwona jasho likimshuka kwenye sikio. Mtu huyu anajua kwa kichwa vipimo vya kila mlango aliowahi kutengeneza. Maneno mawili yalimpotea kwa woga, na woga huo niliupanda mimi.

Daktari akasema inaweza kuwa mwanzo wa kitu, inaweza kuwa wasiwasi, tumlete tena baada ya miezi mitatu. Akanigeukia akauliza kama kuna lolote nililoliona nyumbani. Nikasema, "Anasahau hadithi."

Anasahau hadithi. Nilisema hivyo mbele yake, kwa mtaalamu, na daktari akaandika.

Kwenye ngazi Baba alinishukuru kwa kumsindikiza.

Ijumaa, 15 Mei

Mvua.

Jumapili, 17 Mei

Mvua.

Jumanne, 19 Mei

Nimefika mia nane. Mstari umejaa mpaka ukingoni, Mratibu ameandika aya nzima kunihusu, eti mimi ni ushahidi kwamba mtu akijiwekea lengo kubwa mbele ya wenzake haangushwi na mvua. Pongezi themanini na kitu. Kiroboto ameniita malkia.

Sebuleni Baba alikuwa ameketi na simu imezimwa. Amesema hasikilizi tena, inamuumiza. Ni Jumanne, na alikuwa amevaa viatu.

Alhamisi, 21 Mei

Bibi Nukta ameniandikia. Sijawahi kuzungumza naye. Yeye ndiye niliyemcheka moyoni kwa kusema "Kitabu kimoja", na kweli mpaka leo anasoma hichohicho, taratibu, kila mkato anaupa haki yake. Akimaliza sura yake anasikiliza za wengine ambazo zimeshapitishwa, bila kutumwa na mtu. Hazihesabiwi popote.

Ujumbe wake huu hapa: "Dada Pazia, sauti yako naipenda. Sura ya tisa ya mlinzi wa daraja naona ina upungufu wa kurasa saba, na kule mbele pia kuna pengo. Nadhani faili lilikatika wakati wa kupandisha, hutokea. Ukipata nafasi zirudie. Nitasubiri."

Nimeusoma nikiwa nimesimama katikati ya duka na utepe wa kupimia shingoni. Mtu ambaye hanijui amenifungulia mlango nitoke bila kuinama. Faili lilikatika. Hutokea.

Nikajua papo hapo kwamba hilo nitaweza kumwambia Baba pia.

Jumamosi, 23 Mei

Nimemwambia.

Shangazi alikuwa sokoni. Nilimkuta Baba anapiga msasa kipande cha mbao, hana anachotengeneza, anapiga tu. Nikakaa. Nikamwambia kuna mtu wa jukwaani amegundua kwamba ile riwaya ina mapengo. Kifo cha mbwa hakimo. Jeraha halimo. Nikamwambia faili lilikatika, Baba. Kichwa chako kizima.

Aliweka msasa chini. Nilimwona anavyoshusha pumzi, mabega yakashuka, kifua kikashuka, uso ukafunguka kama miaka kumi imemtoka. Akasema Alhamdulillahi, akasema tena, akacheka. Akaniambia kwamba kila asubuhi bafuni alikuwa anakariri majina: langu, la Kaka, la Shangazi, la marehemu Mama, majina ya wanafunzi wake wote wa Jumanne. Alikuwa anayafungulia maji ili tusimsikie. Alisema aliamua kwamba siku akikosa jina langu, atatuambia tumfungie mlango wa nje.

Mimi nilikuwa nalia tayari, na alidhani ni furaha. Akanipapasa bega. Na ningeweza kuishia hapo. Kila kitu kilikuwa kimepona, nami nilikuwa msafi.

Kisha mkono ukasimama begani.

"Lakini nilikuuliza," akasema. "Kuhusu mbwa. Ukasema umeisoma mwenyewe. Ukasema nilisinzia."

Nikafuta machozi.

"Faili lilikatika, sawa. Wewe ulijuaje kwamba nilisinzia?"

Nikasema, "Sikuisoma, Baba. Niliruka. Nilitaka mstari ujae."

Alitoa mkono begani. Hakuutoa kwa nguvu, aliutoa tu, akauweka juu ya ubao. Nikamweleza yote, mia nane, Kiroboto, kumi na moja nyingine, daktari. Alisikiliza amenigeuzia sikio kama anavyosikiliza gari kabla ya kuvuka. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu, kama siku ile kwa daktari nilikuwa najua. Nikasema nilikuwa najua.

Akasema, "Nilibana mkono wako ngazini."

Akachukua msasa. Nimemsikia akipiga mbao mpaka Shangazi aliporudi, na Shangazi alipouliza kulikoni, akasema kichwa chake kimepona.

Jumapili, 24 Mei

Nimemwandikia Mratibu, nikaandika pia ukurasa wa wote. Nimeomba zitolewe sura zangu zote za kuanzia Aprili, hata za vitabu vingine, maana sijiamini tena niliruka wapi na wapi sikuruka. Mstari wangu umeshuka hadi mia tatu na kumi. Mstari wa jukwaa zima ulikuwa umebakiza kidogo kufika elfu tano, na kwa ajili yangu hautafika.

Mratibu amejibu kwa sentensi moja: ameshaziondoa. Kiroboto ameniita msaliti, kwa sababu sasa alizozipitisha yeye zinachunguzwa na alizozisoma pia. Mwalimu wa hesabu ameandika kwamba mama yake mzazi alikuwa anaisikiliza riwaya ile. Nimeufunga ukurasa, nikaufungua, nikausoma mpaka mwisho. Ni haki yao.

Bibi Nukta ameandika, "Sura ya tisa ni ndefu. Ukiirudia nitaisikiliza mimi."

Jumanne, 26 Mei

Baba ameamka mapema, amevaa, gari likapiga honi. Nilisimama mlangoni nimpe mkono mpaka barabarani, kama kawaida. Akasema atakwenda mwenyewe. Nikamtazama akitafuta ukingo wa mtaro kwa fimbo, akaupata, akaufuata.

Alirudi jioni. Darasa lina mwalimu mwingine sasa, mama mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake. Filimbi anayo yeye. Walitaka kumrudishia Baba, akakataa. Alisema mtu hawezi kuitupa filimbi akaidai tena kama kofia iliyopeperushwa na upepo, asubiri mpaka aistahili tena. Leo amekaa mwisho wa mstari, akiwashika mikono wanaoogopa. Haya yote alimsimulia Shangazi. Mimi nilikuwa nasikia nikiwa naosha sahani.

Alikula mara moja.

Alhamisi, 28 Mei

Nimetoa mapazia kabatini na kurudisha nguo za Baba. Zilikuwa zimeanza kunuka unyevu.

Jumapili, 31 Mei

Siku ya mwisho ya malengo. Mvua ilinyesha asubuhi, ikakata, na mchana jua likatoka kabisa. Jukwaani Mratibu ametangaza elfu nne na mia nane, na kwamba msimu ujao kila sura itahakikiwa na mtu wa kupangiwa. Watu wamepongezana, mimi sikuandika kitu.

Baada ya chakula Baba aliketi kwenye kiti chake, mikono magotini. Sikuamini kwamba ananisubiri mimi. Nilizungukazunguka na kitambaa cha meza mpaka Shangazi akaninyang'anya, akanisukuma. Nikaleta kitabu chenyewe, kile kinene, nikamwekea mkononi kwanza. Akakinusa. Akanirudishia.

"Sura ya tisa," akasema.

Nikasoma. Mlinzi alitoka na mbwa wake kando ya mto. Mbwa alikuwa anachechemea, anasimama, anamtazama bwana wake, anaendelea. Hizi ndizo kurasa nilizosema ni za kutembea tu. Nilisoma polepole, kila mkato, na nilipofika chini ya ukurasa wa kwanza nikaufunua. Karatasi ililia kidogo.

Baba akainua kichwa. "Hujaruka?"

"Sijaruka, Baba."

Akatulia, nikasoma ukurasa wa pili. Nikafunua.

"Hujaruka?"

"Sijaruka."

Ameuliza hivyo kila ukurasa, zote saba, bila hasira, kama mtu anayegonga ukingo wa njia kwa fimbo kabla ya kuweka mguu. Nami nikajibu kila mara. Mbwa alikufa kwenye ukurasa wa sita. Baba alifuta uso kwa kiganja, akasema kumbe alikufa vizuri, kisha akaniambia niendelee.